Dereva akisema "niliangalia sikuona kitu" halafu kagongwa na treni, mimi siamini. Nipingeni

#1 Mtambo_Sita
Wakuu habari. Kila ikitokea ajali ya gari na treni, au gari na gari pale njia panda, aliyepona anaimba wimbo ule ule: "niliangalia kote kote, hakukuwa na kitu". Sasa treni ni tani mia kadhaa mpaka maelfu, ina mataa, inapiga honi, inapita njia yake hiyo hiyo toka reli imelazwa, haijawahi kuhama ikamfuata mtu barabarani. Unasemaje hukuiona? Mimi nasema hawa hawakuangalia, waligeuza shingo kwa mazoea wakapita, halafu wanakuja kutafuta huruma. Aliye na hoja kwamba mtu anaweza kuangalia kweli kweli na bado asione ailete hapa. Matusi wekeni kando.

#2 kibuyu_cheupe
Nimewahi siti ya mbele. Waje wajuzi.

#3 Bi Mkasi
Mtambo umekuja kishari lakini kuna kaukweli. Mimi siendeshi, nakaa siti ya abiria, na nawaona mnavyo"angalia". Shingo inaenda kushoto inarudi, na muda wote huo mdomo unabishana na mtu kwenye simu. Jicho limepita, akili haijapita. Ila kusema wote ni waongo, hapo umezidisha.

#4 Fundi_Nyaya
Mkuu #1 kabla hujahukumu watu kafanye jaribio dogo. Kaa siti ya dereva gari likiwa limezimwa, angalia ile nguzo inayoshika kioo cha mbele upande wako. Magari ya sasa nguzo zimenenepa, kwanza ili paa lisikuangukie gari likibinuka, pili nyingine zina eabegi ndani. Mwambie mtu atembee mbali huko mbele akizunguka gari, utashangaa anavyopotea mzima mzima. Gari zima linamezwa na ile nguzo, pikipiki ndio usiseme.

Halafu ubaya wenyewe uko hapa. Kama wewe na mwenzako mnaelekea njia panda moja kwa spidi ambazo mtafika pamoja, yeye kwenye kioo chako HASOGEI. Anabaki pale pale nyuma ya nguzo toka mwanzo mpaka mnagongana. Yule atakayepita mbele yako au nyuma yako ndio unamuona anahama. Mabaharia wanalijua hili siku nyingi, chombo ambacho kinazidi kukua lakini hakibadilishi upande ndicho mtakachogongana nacho. Kwa hiyo mtu anaweza kuangalia mara mbili mahali sahihi kabisa na asione kitu. Dawa yake ni kusogeza kiwiliwili, unainama mbele unarudi nyuma, sio kugeuza shingo tu.

#5 Mtambo_Sita
Fundi kwa gari na pikipiki nakupa. Treni yenye mabehewa kibao nayo inajificha nyuma ya nguzo? Acha utani.

#6 Fundi_Nyaya
Inajificha vizuri tu mkuu. Reli ikikata barabara mshazari, treni inakujia karibu uso kwa uso, unachokiona ni kichwa peke yake, mabehewa yote yamejipanga nyuma yake. Upana wa kichwa cha treni ukiwa mbali ni kitu kidogo sana.

#7 jicho_kengeza
Nguzo ni nusu ya habari. Nusu nyingine iko kichwani kwa dereva mwenyewe. Macho hayatembei kama kamera ya video, yanaruka. Yanatua hapa, yanaruka, yanatua pale. Wakati yanaruka ubongo unazima picha ili usione ukungu, halafu unajaza lile pengo kwa kukisia, na wewe hujui kama umejaziwa. Ukigeuza kichwa haraka haraka kushoto kulia kushoto kama tulivyofundishwa, unatua sehemu chache sana, kilichokuwa kwenye pengo hukukiona na utaapa kwa kila kitu kwamba uliangalia. Huyo hadanganyi Mtambo, anakueleza alichokiona.

Kinachosaidia ni kuangalia POLEPOLE, unatua karibu, katikati, mbali, halafu unarudia upande ule wa kwanza.

#8 Nahodha wa Nchi Kavu
Jicho asante, umenifungua. Kumbe ule wimbo wa kushoto kulia kushoto tena una sababu zaidi ya tulivyoambiwa.

#9 msafiri kobe
Wakuu mmesahau jambo kubwa, watu wengi treni WANAIONA. Wanaiona kabisa halafu wanakadiria kwamba watawahi. Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, Leibowitz, mwaka 1985 aliandika kwamba kitu kikubwa kikitembea kinaonekana kinakwenda taratibu kuliko kitu kidogo chenye spidi ile ile. Alitoa mfano wa uwanja wa ndege, lile dege kubwa linapotua unaona kama linaelea tu na kandege kadogo kanaonekana kanakimbia, wakati kubwa ndilo lenye spidi zaidi. Treni hivyo hivyo. Ongeza na kwamba ikiwa inakujia kwa mbele huioni ikihama kushoto wala kulia, kipimo pekee ulichobaki nacho ni kukua kwa umbo, na umbo linakua kidogo kidogo halafu ghafla lote liko mlangoni.

Kwa hiyo mimi nasema tatizo ni hesabu ya spidi. Nguzo na kuruka kwa macho ni mambo ya njia panda za magari.

#10 Mzee wa Tela
Vijana wangu hamjambo. Nimesoma nguzo, nimesoma macho, nimesoma madege. Mimi nimekaa kwenye usukani wa tela kabla wengine humu hamjajua kufunga kamba za viatu, na nawaambia kinachoua pale relini ni MAZOEA. Hapo unapopita kila siku na hujawahi kukuta treni ndipo pabaya. Mgeni wa njia akiona ule msalaba wa X anapunguza, anashusha kioo, anazima redio. Mwenyeji anapita huku anatafuta chenji mfukoni. Reli yenye treni moja kwa siku ni hatari kuliko yenye treni kila robo saa, kwa sababu ile ya kila robo saa watu wanaiheshimu.

Na kwa sisi wa magari marefu kuna hesabu yake. Tela la mita 18, toka umesimama kwenye mstari mpaka mkia umalize reli unatafuta mita 25 hivi, na gari lina mzigo, unaondoka na gia ya kwanza. Weka sekunde 12 ukiwa na bahati. Treni ya kilomita 90 kwa saa kwa sekunde 12 imeshakula mita 300. Kwa hiyo nikisimama pale nikaona mita 200 tu za reli kwa sababu ya kichaka au kona, kuona kwangu hakunisaidii chochote, naweza nikaingia reli ikiwa nyeupe kabisa na treni ikanikuta katikati. Hapo namshusha utingo aende akasikilize mbele. Vijana wananicheka, nawaacha wacheke.

Na gia usibadilishe juu ya reli. Chagua moja kabla hujaingia, toka nayo.

#11 Bi Mkasi
Shikamoo mzee. Huo utaratibu wa kumshusha utingo ungekuwa sheria ningefurahi.

#12 kibuyu_cheupe
Utingo mwenyewe akishuka anaenda kununua sigara 😂

#13 Mzee wa Tela
Marahaba binti. Kibuyu, wangu havuti.

#14 Topetope
Sasa kwani treni haina breki jamani? Dereva wake si anaona gari limesimama kwenye reli, afunge breki. Mita 300 si nyingi hizo, basi linasimama ndani ya mita 100.

#15 Kichwa cha Behewa
Topetope nimecheka kwa uchungu, niko kwenye hii kazi. Gurudumu la treni ni chuma juu ya chuma, mguso wake hauzidi ukubwa wa sarafu, ndio maana tani nyingi zinavutika kwa nguvu ndogo, na ndio maana hazisimami. Treni ndefu ya mizigo kwenye kilomita 90 kwa saa inaweza kuhitaji kilomita moja na nusu au zaidi mpaka isimame, na hapo breki ya dharura imeshavutwa. Usukani hatuna. Mtu akiona gari relini anavuta breki, anapiga honi, kilichobaki ni kusubiri kishindo, na sura ya dereva wa gari anaiona vizuri.

Niongeze na jingine maana naona hapa halijasemwa. Treni ni pana kuliko reli. Inatokeza nje karibu mita moja kila upande. Watu wanasimamisha pua ya gari sentimita chache kutoka kwenye chuma wakidhani wamejibana vizuri. Simama kwenye mstari, kama hakuna mstari kaa mita tano nyuma, huna unachopoteza.

#16 Mtambo_Sita
Kichwa cha Behewa hapo kwenye "sura ya dereva anaiona" umeniweza. Swali kwako sasa, hao unaowaona, wanakuwa wanaangalia upande wako au hawaangalii?

#17 Kichwa cha Behewa
Wote wapo. Yupo aliyeangalia mbele tu kama sanamu mpaka mwisho. Yupo aliyeniangalia machoni na kuongeza mafuta. Na yupo mmoja aliangalia treni ya reli ya pili iliyokuwa inaondoka, ikamaliza kupita tu akaingia, mimi nikiwa nakuja upande wa pili. Huyo alipona kwa sababu gari lake lilikuwa fupi. Penye reli mbili, treni ya kwanza kupita haimaanishi zamu yenu imefika, ngoja mpaka uone reli zote mbili mbali. Sehemu nyingi ile alama ya X ina maandishi au namba chini yake ya kukuambia kuna reli ngapi, hakuna anayeisoma.

#18 Topetope
Nimekoma. Ila bado natetea watu kidogo, mageti mengine yanafungwa dakika nzima hakuna treni. Ndio maana watu wanayazunguka.

#19 Fundi_Nyaya
Hiyo ni hoja ya kweli na hata wahandisi inawaumiza kichwa. Muda wa onyo ukiwa mfupi magari marefu hayamalizi, ukiwa mrefu watu wanakosa subira wanazunguka geti. Marekani kiwango cha chini ni sekunde 20 kabla treni haijafika, Uingereza kwenye yale mageti nusu, yanayoziba upande wa kuingilia tu, ni 27.

Halafu geti kufungwa bila treni kuonekana, mara nyingi ni kwa sababu limejengwa liharibike kwa upande salama. Mfumo wa siku nyingi ni umeme mdogo unaopitishwa kwenye vyuma viwili vya reli, treni ikikanyaga magurudumu yake yanaunganisha vile vyuma, umeme haufiki kwenye kifaa, geti linashuka. Sasa reli ikikatika au betri ikiisha, umeme pia haufiki, na geti linashuka vile vile. Kwa hiyo geti lililoshuka linasema moja kati ya mawili, kuna treni au kuna kitu kimeharibika, na wewe uliyekaa ndani ya gari huna namna ya kujua ni lipi.

#20 jicho_kengeza
Hilo la muda mfupi lina kisa chake. Hixon, Uingereza, Januari 1968. Lori la mizigo mikubwa limebeba transfoma ya tani 120, linatambaa juu ya reli taratibu sana, geti la kujiendesha lilitoa onyo la sekunde 24 tu. Treni ya abiria ikaligonga katikati, watu 11 walikufa. Pale hakuna aliyeshindwa kuona. Lilikuwa jambo la muda, na madereva walitakiwa kupiga simu ya pale pale kuomba ruhusa kabla ya kuvuka, hawakupiga. Kwa hiyo mzee wa Tela hesabu yake ya sekunde imelipiwa damu.

#21 Nahodha wa Nchi Kavu
Nakumbuka nyingine ya basi la shule Marekani, 1995, lilizimika juu ya reli likagongwa, watoto 7 walikufa. Ndio maana mimi nasema gari bovu lisivuke reli.

#22 jicho_kengeza
Nahodha hapo narekebisha, HALIKUZIMIKA. Hiyo ni Fox River Grove, jimbo la Illinois, Oktoba 1995. Basi lilivuka reli likasimama mbele kwenye taa nyekundu ya njia panda, na nafasi kati ya reli na mstari wa taa ilikuwa fupi kuliko basi lenyewe. Mkia ukabaki nje juu ya reli. Dereva siku ile alikuwa wa kushikia zamu, njia hakuizoea. Na ile taa ilikuwa imeunganishwa na reli ili igeuke kijani magari yatoke treni ikija, ila muda uliopangwa haukutosha.

Yaani injini nzima, breki nzima, taa ya barabarani ameitii, na bado.

#23 Bi Mkasi
Nimesoma #22 nimebaki mdomo wazi. Sasa mzee wa Tela, wewe ulisema mgeni wa njia ndio anayepona na mwenyeji ndio anayekufa kwa mazoea. Huyu alikuwa mgeni.

#24 Mzee wa Tela
Binti umenikamata. Ila angalia vizuri, mgeni kwenye NJIA na mgeni wa UREFU wa gari ni vitu viwili. Mimi mkia wangu naujua ulipo hata usiku. Anayetoka gari dogo akapewa basi, kichwa kinavuka akili inasema tumevuka.

#25 Fundi_Nyaya
Hapo mzee anajitetea kijanja 😂 lakini kanuni inayotoka hapo inatumika kote, njia panda na reli: usiingie mpaka uone nafasi ya kutosha gari lako LOTE upande wa pili. Mkataba wa Vienna wa barabara wa 1968 umeandika hivyo hivyo, hata taa ikiwa kijani usiingie njia panda kama foleni itakulazimisha usimame katikati ukazuia wanaokatiza. Kijani sio amri ya kuondoka.

#26 Mama Spana
Asante Fundi!! Hili ndilo linanipandisha presha kila asubuhi. Mtu anaona mbele kumejaa, kijani bado kinawaka, anajichomeka tu, taa inageuka, yuko katikati kama daraja, sisi wa upande wa pili tuna kijani na hatuendi popote. Halafu ukipiga honi anakunyoshea mikono, nifanyeje sasa. Ungebaki nyuma ya mstari ndugu yangu, ndio ungefanya hivyo.

Na nyie mnaoongelea treni tu, njia panda za kawaida ndizo tunazokutana nazo kila dakika. Mimi nikipata kijani sikurupuki. Nahesabu moja, mbili, naangalia pande zote, ndio naachia klachi. Kuna yule wa mwisho anayekimbiza njano, huyo hana macho, anaangalia taa tu.

#27 Topetope
Mama Spana mimi ndio huyo wa njano 🙈 lakini nisikilizeni. Kuna sehemu njano inawaka ukiwa umbali ambao ukifunga breki unasimama katikati na ukiendelea unakutwa na nyekundu. Ufanyeje?

#28 msafiri kobe
Topetope safari hii uko sahihi, na ina jina kabisa kwa wahandisi wa barabara, wanaiita eneo la mtanziko. Wataalamu watatu wa General Motors waliandika hesabu zake mwaka 1960. Chukua kilomita 60 kwa saa, hiyo ni karibu mita 17 kwa sekunde. Sekunde moja ya kushtuka, mita 17 zimeenda. Breki ya kawaida isiyomwaga abiria inataka mita 46 nyingine. Jumla 63. Njano ikiwa ya sekunde 3, ndani yake unatembea mita 50. Kwa hiyo ukiwa kati ya mita 50 na 63 njano ikiwaka, kusimama vizuri huwezi na kuwahi huwezi. Hapo aliyepanga taa ndiye amekosea, njano ya barabara ya spidi hiyo inatakiwa iwe ndefu zaidi.

#29 Mama Spana
Kobe usimpe silaha huyu. Hiyo hesabu ni ya aliye kwenye 60. Akija na 80 hesabu inakuwa yake mwenyewe, sio ya mhandisi.

#30 msafiri kobe
Kweli dada. Na ukiikaribia taa iliyokaa kijani muda mrefu, hiyo imezeeka, toa mguu kwenye mafuta uweke juu ya breki bila kukanyaga. Ile sekunde ya kushtuka inapungua, mita zinarudi.

#31 Topetope
Nimepokea. Mmenionea lakini nimepokea.

#32 Kigoda
Nimechelewa kuingia. Suluhisho la haya yote ni kipilefti. Ondoeni mataa wekeni mizunguko, kwisha habari. Kwenye njia panda ya kawaida ya barabara nne, sehemu ambazo njia za magari zinaweza kukutana ni 32, kwenye mzunguko wa leni moja ni 8. Na hata mkigongana mnagongana kwa ubavu na kwa spidi ndogo, sio mmoja anamkita mwenzie mlangoni. Utafiti wa Marekani uliotoka 2001 kwenye njia panda zilizogeuzwa kuwa mizunguko ulikuta ajali zenye majeruhi zimeshuka kwa asilimia 76.

#33 Nahodha wa Nchi Kavu
Kigoda mizunguko ilikuwepo toka zamani na ilikuwa inakwama, mpaka Waingereza walipoweka sheria mwaka 1956 kwamba anayeingia ampishe aliyemo ndani.

#34 Kigoda
1966 mkuu. Mengine sawa. Kabla ya hapo wanaoingia walikuwa wanabanana na walio ndani, mzunguko unajifunga wenyewe.

#35 Nahodha wa Nchi Kavu
Leo sio siku yangu 😅

#36 Mama Spana
Kipilefti cha leni mbili sasa kigoda, hapo unasemaje? Mtu yuko leni ya ndani anataka kutoka sasa hivi, indiketa hana, anakatiza mbele yako. Na usikae ubavuni kwa lori ndani ya mzunguko, lile tairi la nyuma halifuati la mbele, linakata kona kwa ndani. Lori linapokata kona linajiegemeza kwanza upande wa pili, watu wanadhani limewaachia njia, wanajichomeka.

#37 Mzee wa Tela
Huyu mama apewe tela. Kama huoni uso wangu kwenye saiti mira yangu, mimi na wewe hatujuani.

#38 Bi Mkasi
Naomba kuuliza kama abiria. Ikitokea gari limekwama juu ya reli, kweli kweli limegoma, tunafanyaje? Nilisikia tukimbilie upande treni INAKOTOKA, nikaona huyu mtu anataka kutuua.

#39 Kichwa cha Behewa
Dada huyo alikuambia sahihi. Kwanza wote mnatoka, hakuna kurudi kuchukua begi. Mnatoka kwenye reli kabisa, mbali, na mnakimbia mshazari kuelekea treni inakotoka lakini mkizidi kuiacha reli. Treni ikiligonga gari inalirusha mbele kule inakoelekea, na vyuma vyote vinaruka huko. Aliyekimbia kwenda mbele ndiye anafuatwa na gari lake.

Kama treni haijaonekana, ukishawatoa watu tafuta namba ya simu ya dharura pale kwenye alama au kwenye kibanda cha geti, sehemu nyingi ipo na kuna namba ya kile kivuko, ukiitaja wanajua uko wapi na wanaweza kusimamisha treni huko mbali. Watu wanaanza kusukuma gari kwanza, simu baadaye. Geuza. Mmoja anapiga simu, wengine ndio wajaribu kusukuma huku mtu anachungulia pande zote.

#40 kibuyu_cheupe
Na geti likinishukia mbele na nyuma nikiwa ndani?

#41 Kichwa cha Behewa
Vunja upite. Usifikirie mara mbili. Ule mti wa geti umetengenezwa uvunjike, rangi ya boneti utapaka tena. Kuna watu walikaa ndani wakaogopa deni la geti.

#42 Mtambo_Sita
Wakuu nimewasoma wote. Msimamo wangu umepata nyufa lakini haujaanguka. Fundi na Jicho wamenionyesha kuna asiyeona japo ameangalia. Lakini Kichwa cha Behewa mwenyewe kataja waliomuangalia machoni wakaongeza mafuta, hao tunawaweka kwenye nguzo au kwenye madege ya kobe?

#43 msafiri kobe
Kwenye madege. Aliongeza mafuta kwa sababu macho yalimwambia kuna muda.

#44 Mzee wa Tela
Aliongeza kwa sababu jana aliwahi, na juzi aliwahi. Mazoea.

#45 jicho_kengeza
Au aliganda, mguu ukaenda kwenye pedeli ya karibu. Sisi hatukuwemo kwenye kichwa chake.

#46 Fundi_Nyaya
Mnabishana juu ya dereva, mimi nauliza kwa nini barabara na reli zimepitishwa usawa mmoja. Weka daraja uone kama kuna cha kubishania.

#47 Mama Spana
Fundi daraja linajengwa miaka mingapi na mimi napita kesho asubuhi.

#48 Topetope
Swali la mwisho mzee wa Tela, kuna sehemu reli imeinuka barabara inapanda kama tuta na kushuka. Gari dogo linapita. Wewe na lobedi unapita vipi?

#49 Mzee wa Tela
Sipiti. Lobedi tumbo liko chini, likikalia kile kinundu magurudumu ya mbele na ya nyuma yanabeba hewa, gari haliendi mbele wala nyuma. Natafuta njia nyingine hata ikiwa ndefu. Palipo na alama ya kuonya tela lenye tumbo la chini naigeuzia hapo hapo, na pasipo na alama nashuka naangalia kwa macho.

#50 jicho_kengeza
Na sio malori tu. Biloxi, Mississippi, Machi 2017, basi la watalii lilikalia kinundu cha namna hiyo, treni ya mizigo ikaja, watu 4 wakafa. Na alama ya kuonya ilikuwepo.

#51 pedeli_moja
Samahani wenye magari, wa baiskeli tunaruhusiwa humu? Mimi reli zinaniangusha, zile zinazokata barabara mshazari. Tairi linaingia kwenye ule mfereji pembeni ya chuma, naenda chini.

#52 Kichwa cha Behewa
Karibu. Usiivuke kwa mshazari wake. Angalia nyuma kwanza, jitanue kidogo, halafu igeuzie usukani uikate kwa msalaba, pembe mraba kabisa. Mvua ikinyesha chuma kile kinateleza vibaya, usifunge breki wala kukata kona ukiwa juu yake. Pikipiki pia hivyo hivyo.

#53 pedeli_moja
Shukrani. Na wa nyuma yangu anayepiga honi wakati najitanua?

#54 Mama Spana
Huyo ni Topetope. Mwache apige.